Gia Ikiteleza Salgaa, Pima Oili Kwanza

Ndugu zangu wa Pwani mnaopeleka gari kuukuu za otomatiki bara, kupanda kutoka Salgaa hadi Mau Summit hufichua siri: injini yanguruma, mwendo hauongezeki. Hapo gia inateleza.

Kabla hujauziwa giaboksi nyengine, nasema pima oili ya gia. Gari nyingi zenye kijiti hupimwa zimeshapata moto, injini ikiwaka, mahali tambarare. Ikipungua, tafuta inapovuja. Ikiwa nyeusi na yanuka kuungua, huenda sahani za klachi ndani zimekwisha; oili mpya haitaziponya.

Usipuuze. Kwenye mteremko, gia inayoteleza huenda isizuie gari, breki zikabeba mzigo wote. Na Salgaa twaijua ilivyomaliza watu.