Difu ya Mbele Inavuja Wapi?

Sogeeni, wapwa zangu, tuchungulie chini ya Land Cruiser hii ya mkonga. Imetoka kupeleka mbegu za pamba Itilima, hapa Simiyu. Mvua imenyesha, na udongo mweusi wa mbugani umeganda kila mahali. Mnaliona hilo tone la oili?

Juu ya tone kuna bonge la chuma kwenye ekseli. Hiyo ndiyo difu ya mbele. Ndani yake gia zinaogelea kwenye oili. Zinapokea nguvu kutoka kwenye propela, ule mhimili mrefu unaozunguka, na kuigawa kulia na kushoto.

"Mjomba, difu imetoboka?"

Swali zuri! Lakini tusiseme bado. Tuangalie kwanza. Hata difu yenyewe inajitetea: "Msinilaumu upesi. Mimi naishi chini ya injini. Kinachovuja huko juu kinaniangukia mimi!"

Ni kweli. Basi gusa, kisha nusa. Oili ya injini iliyotumika huwa nyeusi. Mafuta ya usukani mara nyingi ni mekundu. Oili ya difu ni nzito na inanuka salfa. Ukiinusa mara moja, hutaisahau.

"Hii inanuka, Mjomba! Tubadilishe sili, ile pete ya kuzuia oili?"

Tusiseme bado. Tuangalie kwanza. Tunaosha difu yote na kuikausha. Tunaendesha gari kidogo barabara ya Lamadi, tunarudi, tunachungulia tena. Oili huteremka, na upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tafuta mahali pa juu kabisa palipolowa, tena pa mbele. Je, ni pale propela inapoingia? Ni kwenye bolti ya chini? Au ni karibu na gurudumu? Hapo pa gurudumu pana ujanja. Sili ya ndani ikichoka, oili hupita, huchanganyika na grisi, kisha hutokea mbali na ilikoanzia.

"Lakini sili imechokaje?"

Hongera, mwanangu! Wakubwa wengi hawafiki kwenye swali hilo. Mmewahi kuona chungu cha maharage kilichofunikwa kwa kukazwa? Mvuke ukikosa njia, unasukuma kifuniko na mchuzi unamwagika. Difu nayo hupata joto safarini, na hewa yake hutanuka. Juu yake ina kitundu cha kupumulia. Kikizibwa na tope, hewa inasukuma oili ipite kwenye sili, hata sili iliyo mpya.

"Mjomba, si gari lina mkonga?"

Mkonga ni pua ya injini. Difu ina pua yake, ndogo, na tope la Simiyu linaipenda mno. Tena difu yenye joto ikizama mtoni, hewa ya ndani husinyaa ghafla, na maji hufyonzwa ndani. Ukikuta oili imegeuka nyeupe-nyeupe, maji yameshaingia. Hiyo haifai tena, imwagwe yote.

Kwa hiyo kabla ya kununua sili, fundi azibue kitundu hicho. Na kabla ya kumwaga oili, alegeze kwanza bolti ya kujazia. Ikigoma baada ya oili kumwagwa, gari litakwama hapohapo na difu kavu.

"Tujaze mpaka wapi, Mjomba?"

Gari likiwa pa tambarare, mpaka oili ichungulie kwenye tundu la bolti hiyo.