Mafumbo ya rangi: Kubahatisha ndiko kunakowaponza wengi

MCHEZO wa kupaka visanduku rangi hadi picha iliyofichika ijitokeze umewanasa wengi mtandaoni, wazee kwa vijana. Utamwona abiria ndani ya matatu ameinamia rununu yake, akigusa kisanduku kimoja baada ya kingine. Hata hivyo, si haba wanaoucheza kama bahati nasibu: wanagusa, wanakosea, wanagusa tena. Wachezaji wa aina hiyo hupoteza muda, na wakati mwingine pesa, kwa jambo ambalo lingetatuliwa kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa tu.

Asili ya mafumbo haya ni Japan. Mnamo 1987, Non Ishida, mhariri wa michoro, alishinda shindano jijini Tokyo kwa kubuni picha zilizotokana na taa za madirisha ya jumba refu, nyingine zikiwaka na nyingine zikiwa zimezimwa. Mtunzi wa mafumbo, Tetsuya Nishio, alibuni wazo kama hilo katika kipindi hicho hicho bila ya kushirikiana naye. Mwaka wa 1990 gazeti la The Sunday Telegraph la Uingereza lilianza kuyachapisha kila wiki, na ndipo yakaitwa nonogramu, jina lililotokana na lile la Bi Ishida. Kampuni ya Nintendo nayo ikatoa mchezo wa Mario's Picross mnamo 1995. Mafumbo ya awali yalikuwa ya nyeusi na nyeupe pekee. Yale ya rangi, ambayo ndiyo tunayoyazungumzia hapa, yalipata makao mazuri zaidi katika tarakilishi na simu.

Fumbo lenyewe ni jedwali la visanduku. Kando ya kila safu ya mlalo, na juu ya kila safu ya wima, mna tarakimu zilizoandikwa kwa rangi. Tarakimu 4 iliyo nyekundu huarifu kwamba katika safu hiyo mna visanduku vinne vyekundu vilivyofuatana bila ya kukatizwa. Zikiwa tarakimu kadhaa, mpangilio wake ndio mpangilio wa rangi ndani ya safu. Visanduku visivyotajwa hubaki vitupu. Anayefuma vitambaa vya mezani kwa kuhesabu mishono hatauona mchezo huu kuwa mgeni.

Kuna kanuni moja ambayo wanaotoka katika mafumbo ya nyeusi na nyeupe huisahau. Makundi mawili ya rangi moja ni lazima yatenganishwe na angalau kisanduku kimoja ambacho si cha rangi hiyo. Makundi ya rangi tofauti yanaweza kugusana. Tofauti hii huonekana ndogo, kumbe ndiyo inayobadilisha hesabu nzima.

Tuchukue safu ya mlalo yenye visanduku 10 na tarakimu moja tu, 8 nyekundu. Kundi hilo linaweza kuanzia kisanduku cha kwanza, cha pili au cha tatu, basi. Popote litakapoanzia, visanduku vya 3 hadi 8 vitakuwa vyekundu. Mchezaji anaweza kuvipaka sita hivyo bila ya wasiwasi wowote, ingawa bado hajui kundi linaanzia wapi. Njia ya mkato ni hii: jumlisha tarakimu zote za safu pamoja na nafasi za lazima, kisha utoe jumla hiyo kutoka kwa urefu wa safu. Kinachosalia ni ulegevu wa safu. Kundi lolote lililo kubwa kuliko ulegevu huo lina visanduku vya hakika, na idadi yake ni ukubwa wa kundi ukiondoa ulegevu.

Sasa tuongeze rangi. Safu ni ile ile ya visanduku 10, lakini tarakimu ni 4 nyekundu kisha 5 samawati. Lau fumbo lingekuwa la nyeusi na nyeupe, 4 na 5 pamoja na nafasi moja ya lazima zingetimia 10, na safu ingejazwa yote papo hapo. Kwa kuwa rangi ni mbili, nafasi hiyo si ya lazima. Jumla ni 9 na ulegevu ni 1. Hivyo basi hakika iliyopo ni visanduku vya 2 hadi 4 kuwa vyekundu, na vya 6 hadi 9 kuwa vya samawati. Kisanduku cha 5 chaweza kuwa chekundu, cha samawati au kitupu. Ni hapa ambapo wengi hukata tamaa na kuanza kubahatisha.

Asiyebahatisha huinua macho na kutazama safu za wima. Tuseme safu ya wima ya kwanza haina tarakimu nyekundu hata moja. Kisanduku cha 1 cha safu yetu kilikuwa na njia mbili tu, kuwa chekundu au kubaki kitupu. Kwa vile wekundu umekataliwa kule juu, ni kitupu. Kundi jekundu sasa halina budi kukaa kati ya kisanduku cha 2 na cha 5, na lile la samawati husukumwa hadi 6 hadi 10. Safu nzima imekamilika kwa habari moja, tena habari ya kile ambacho hakipo. Katika fumbo la nyeusi na nyeupe, habari ya namna hiyo haipatikani mpaka safu ya wima iwe haina tarakimu kabisa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye utamu wote wa mafumbo ya rangi. Rangi hupunguza uhakika ndani ya safu moja, kisha huurudisha maradufu pale safu mbili zinapokutana. Kabla ya kupaka chochote, pitia safu zote uone ni rangi gani haimo katika kila moja. Na utakapogundua kisanduku kitupu, kitie alama ya msalaba kama mchezo unavyoruhusu. Wachezaji wavivu huruka hatua hii kwa kudhani kuwa utupu si jibu.

Chukua hata jedwali dogo kabisa la safu mbili kwa mbili, kila safu ikiwa na tarakimu 1. Kwa rangi moja, fumbo hilo lina majibu mawili, kwani visanduku vyaweza kukaa katika mshazari wowote. Ukisema safu ya mlalo ya kwanza ni nyekundu na ya pili samawati, na wima ya kwanza nyekundu na ya pili samawati, jibu linabaki moja tu.

Mafumbo makubwa ni habari nyingine. Mnamo 1996 watafiti wa Japan, Nobuhisa Ueda na Tadaaki Nagao, walithibitisha kwamba nonogramu kwa jumla zimo katika kundi la matatizo ambayo hadi leo hakuna njia inayojulikana ya kuyatatua upesi kila mara, hata kwa tarakilishi. Mtunzi mwema huchagua yale yanayofunguka hatua kwa hatua. Ukikwama kabisa, unaweza kudhania kuwa kisanduku fulani ni chekundu na kufuata matokeo yake. Yakigongana na tarakimu yoyote, dhana ni ya uongo na wekundu umefutika pale. Huko si kubahatisha, mradi usipake rangi kabla ya ushahidi.

Lakini baadhi ya programu za simu hazimsaidii mchezaji kuwa na subira. Humpa nafasi chache za kukosea, mara nyingi tatu, na humwonyesha kosa pale pale. Zikiisha, atazame tangazo la biashara au anunue nyingine. Mzazi aliyemwachia mtoto simu yenye pesa afahamu jambo hilo. Pale ambapo mpangilio wa mchezo unaruhusu kuzima ufichuzi wa makosa, ni heri kuuzima. Anayeambiwa papo hapo kuwa amekosea hana sababu ya kutafuta thibitisho.

Wapo pia wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, wengi wao wakiwa wanaume. Kwao tarakimu mbili za rangi hizo huonekana sawa, na hapo hakuna mantiki itakayowafaa. Michezo mingine huwawezesha kubadilisha rangi, na mengine huweka alama tofauti ndani ya visanduku. Kabla ya kulipia mchezo wowote, fungua mpangilio wake utazame kama huduma hiyo imo.