Dau Kuukuu Si Kuni

Ukikuta chombo kikuukuu kimelala ufuoni, tazama tezi kwanza. Mashua na jahazi huwa bapa nyuma. Dau la Lamu la asili limechongoka omo na tezi.

Kulitengeneza, usianzie rangi. Dunga mbao kwa kisu, hasa karibu na mkuku na mataruma; panapozama kisu, badilisha ubao. Ng'oa misumari iliyoliwa na kutu, tia kalafati ya pamba iliyorowekwa mafuta, kisha upake deheni chini. Likishushwa, mbao hunywa maji zikabanana.

Ninalolipinga mimi ni kukata tezi ili kufunga injini. Chombo cha kuvulia utapata, lakini dau limekufa, na fundi kijana hana tena mfano wa kuiga.