Mnara wa Mawe wa Mlima Constitution

Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya nchi ya Marekani, kuna kisiwa kiitwacho Orcas. Hapo umesimama mlima Constitution, wenye kimo cha futi 2,400 hivi, na kileleni pana mnara wa mawe mfano wa ngome. Mgeni huvuka bahari kwa feri, kisha hufuata barabara yenye kupindapinda mpaka juu. Akizipanda ngazi za mnara siku isiyo na mawingu, huona visiwa vingi vimetapakaa baharini, nchi ya Kanada ng'ambo, na mlima Baker wenye theluji mwaka mzima.

Ardhi hiyo ilikuwa mali ya Bwana Robert Moran, mwunda meli aliyepata kuwa Meya wa mji wa Seattle. Mwanzoni mwa karne ya 20 waganga walimwambia kuwa siku zake zimekaribia kwisha, basi akaacha kazi akahamia Orcas apumzike. Kumbe Mungu alikuwa amemwekea miaka mingi. Alifariki mwaka 1943. Mwaka 1921 aliwapa watu wa jimbo lake ekari zaidi ya 2,700 ziwe hifadhi ya wote.

Mnara ulijengwa mwaka 1936. Aliyeuchora ni Bwana Ellsworth Storey, akifuata mfano wa minara ya kale ya milima ya Caucasus. Waliobeba mawe na kuyapandanisha ni vijana wa Civilian Conservation Corps, jeshi la kazi lililoundwa mwaka 1933, wakati wa Rais Franklin Roosevelt. Mwaka huo, katika kila wafanya kazi wanne wa Marekani, mmoja hivi hakuwa na kazi. Kijana alipewa chakula, mavazi, mahali pa kulala, na dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, dola 25 zilipelekwa nyumbani kwa jamaa zake. Wenzao katika majimbo mengine walipanda miti, wakatengeneza barabara na kuzuia udongo usichukuliwe na mvua.

Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1942, lakini mnara ungali umesimama. Msomaji atakayejaliwa kuupanda na akumbuke kwamba mawe hayo yalipokuwa yakiwekwa, mbali na hapo mama fulani alikuwa akinunua unga wa watoto wake.