Darasa la Usiku Katika Kisiwa cha Johns

Tazameni katika ramani ya Marekani, upande wa mashariki, mahali ambapo jimbo la South Carolina hupakana na bahari. Hapo pana mji wa Charleston, na karibu nao viko visiwa vingi vilivyotengwa na bara kwa mito ya maji ya chumvi na matope. Kimoja katika visiwa hivyo huitwa Johns Island, yaani kisiwa cha Johns. Zamani wengi wa wakazi wake walikuwa watu weusi, wajukuu wa watumwa walioletwa kwa nguvu kutoka Afrika ili walime mashamba ya mabwana wao. Lugha yao huitwa Gullah, nayo imechanganya maneno ya Kiingereza na ya Kiafrika. Kabla ya madaraja kujengwa, mtu wa kutoka Charleston alifika kisiwani kwa mashua tu.

Mwaka 1916 msichana mmoja mwalimu, jina lake Septima Poinsette, alivuka kwa mashua kwenda kufundisha huko. Alikuwa na umri wa miaka 18. Alikuta shule ya mbao yenye watoto 132 na walimu wawili tu, yeye akiwa mmoja wao. Karibu na hapo palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu, nayo ilikuwa na watoto 3 na mwalimu wao. Watoto weusi walikuja darasani wakati mashamba yalipokuwa hayana kazi. Wakati wa mavuno walikwenda kuchuma pamba. Basi si ajabu kwamba wengi wao walikua wakawa watu wazima bila ya kujua kusoma.

Katika nchi nyingi mtu hawezi kupiga kura siku ya uchaguzi kama jina lake halikuandikwa kwanza katika daftari la wapiga kura. Sheria ya nchi nzima ya Marekani, tangu mwaka 1870, ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini mwaka 1895 wakubwa wa South Carolina walitunga sheria kuu mpya ya jimbo lao. Ilisema kwamba anayetaka kuandikishwa lazima aweze kusoma na kuandika fungu lolote la sheria ile mbele ya karani, au awe na mali iliyotozwa kodi ya thamani ya dola 300. Sharti hilo la kuandikishwa halikumtaja mtu mweusi, na hiyo ndiyo hila yake. Kwanza watu walinyimwa shule nzuri, kisha wakanyimwa kura kwa kuwa hawakusoma. Na kwa kuwa hawakuwa na kura, hawakuweza kuwachagua wajumbe wa baraza la shule ambao wangewapa shule nzuri. Ni kama mtu aliyefungiwa mlango, na ufunguo umewekwa ndani.

Katika kisiwa hicho alikaa mtu aliyeitwa Esau Jenkins, aliyezaliwa mwaka 1910. Yeye mwenyewe hakusoma sana alipokuwa mtoto, lakini alikuwa mkulima na mfanyabiashara hodari. Alikuwa na gari kubwa la abiria, na kila siku alfajiri aliwachukua watu kwenda kazini Charleston, na watoto kwenda shule ya mjini, kwa sababu kisiwani hapakuwa na shule ya juu ya watoto weusi. Siku moja mwanamke mmoja katika abiria wake alimwomba amfundishe kusoma ile sheria kuu, ili naye apige kura. Jenkins akapiga chapa mafungu ya sheria, akawagawia abiria. Na kabla ya kuondoka asubuhi, na wakati wa safari, akawaeleza maneno magumu. Mwanamke yule alikuwa na moyo wa kushika mambo. Fungu aliposomewa alilihifadhi lote, akaenda kwa karani akalitamka, akaandikishwa. Wengine wangefurahi wakaishia hapo. Yeye hakuridhika, maana alijua kwamba amekariri tu, wala hakusoma; akataka kufundishwa herufi zenyewe.

Mwaka 1954 Jenkins aligombea cheo cha mdhamini wa shule katika kisiwa chake. Akashindwa, kwa sababu waliomtaka wengi wao hawakuwa na majina katika daftari. Hapo akaona wazi kwamba gari halitoshi, na kwamba lazima liwepo darasa. Mwaka ule ule alikwenda katika shule ya watu wazima iliyoitwa Highlander, katika milima ya Tennessee, ambayo mkubwa wake alikuwa Myles Horton. Shule hii ilikuwa jambo geni siku zile, maana watu weupe na weusi walikula meza moja na kulala nyumba moja. Aliyempeleka ni yule yule mwalimu Septima, ambaye sasa aliitwa Bibi Septima Clark. Mwaka 1956 Bibi Clark alifukuzwa kazi ya ualimu baada ya miaka 40, kwa kuwa alikataa kukitoka chama cha kutetea haki za watu weusi. Ndipo akahamia Highlander kufanya kazi huko.

Highlander wakawakopesha watu wa kisiwa fedha bila ya riba, nao wakanunua nyumba. Mbele wakaweka duka la vyakula, na nyuma vyumba vya kusomea. Duka lilikuwa na faida mbili: liliuzia watu, tena liliwaficha wanafunzi. Mtu aliyeonekana anajifunza ili apate kura aliweza kufukuzwa kazini na kuondolewa katika nyumba ya bwana wake. Lakini mtu anayeingia dukani jioni kununua sukari, nani atamwuliza?

Sasa mwalimu awe nani? Hawakumchagua mwalimu mwenye vyeti. Walimchagua Bernice Robinson, ndugu yake Bibi Clark, aliyekuwa msusi na mshonaji wa nguo mjini Charleston. Walikuwa na sababu. Wateja wake walikuwa watu weusi, kwa hiyo hakuna tajiri wa Kizungu aliyeweza kumfukuza. Tena hakuwa na desturi ya kuwadharau wasiojua. Mwenyewe alikataa kwanza, akisema kwamba hajapata kufundisha, lakini wakamshika mpaka akakubali.

Darasa lilianza tarehe 7 Januari 1957, nao walikuja watu wazima 14, wengi wao wanawake. Bibi Robinson alikuwa amechukua vitabu vya watoto wadogo, lakini mara akaona havifai, kwa maana mtu mzima aliyelea watoto na kulima shamba huona haya kusoma habari za paka na mpira. Akaviweka kando. Akawauliza wanataka kujua nini. Wakasema wanataka kuandika majina yao, kusoma Biblia, kusoma barua za watoto wao waliokwenda mbali, na kujaza karatasi ya kupelekea fedha kwa posta. Basi hayo ndiyo yakawa masomo. Aliandika jina la kila mmoja juu ya kadibodi, naye mwenye jina akafuatisha herufi kwa kalamu tena na tena, mpaka mkono ukazoea. Mikono iliyozoea jembe hushika kalamu kwa nguvu nyingi, na kalamu nyingi zilivunjika. Hesabu walizifanya kwa bei za vyakula. Na ukutani alitundika tangazo la haki za watu wote lililokubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1948, akasema kwamba kabla ya kuagana kila mmoja awe anaweza kulisoma. Walikutana usiku mara mbili kwa juma, katika miezi ya baridi ambayo mashamba hayana kazi nyingi.

Darasa lilipokwisha, wanafunzi walikwenda kwa karani wa daftari, wakasoma, wakaweka sahihi zao, wakapata vyeti vya kupigia kura. Habari ikavuka maji. Watu wa visiwa vya Wadmalaw na Edisto wakataka darasa lao, na mji wa North Charleston pia. Mwaka 1961 kazi hii ilichukuliwa na chama cha Martin Luther King, na walimu wakafundishwa katika jimbo la Georgia. Bibi Clark alisafiri huku na huku akitafuta watu wa kufundisha. Wengine walikuwa wakulima, wengine mafundi wa nywele, wengine wanawake wa nyumbani. Alitaka tu wawe wanaweza kusoma kwa sauti na kuandika vizuri ubaoni, na wawe wanaheshimiwa na jirani zao. Vitabu vyao vilieleza pia kazi ya kila mkubwa wa mahali, ili mpiga kura ajue anamchagua nani kwa kazi gani.

Katika majimbo mengine kazi ilikuwa ngumu zaidi. Huko Mississippi kusoma hakukutosha. Mtu aliamriwa kunakili fungu la sheria na kulieleza maana yake, na mwamuzi wa maelezo hayo alikuwa karani peke yake. Hata aliyesoma sana aliweza kuambiwa kwamba ameshindwa, na wako waliopigwa na waliouawa kwa ajili ya kuwasaidia wenzao kuandikishwa. Tarehe 6 Agosti 1965 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria iliyoondoa mitihani ya kusoma katika majimbo yale, na serikali kuu ikapata uwezo wa kupeleka makarani wake mahali ambapo watu walizuiwa.

Esau Jenkins alikufa mwaka 1972. Mwaka 1975 Bibi Septima Clark, mtu mzima wa zaidi ya miaka 75, alichaguliwa kwa kura kuwa mjumbe wa baraza la shule la Charleston.