Kanumba, nyota wa sebuleni

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984 na akafariki Dar es Salaam usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Kazi yake ilidumu miaka kumi tu. Katika miaka hiyo, waigizaji wa Kiswahili waliomkaribia kwa umaarufu walikuwa wa kuhesabu.

Alijiunga na kundi la maigizo la Kaole Sanaa Group mwaka 2002. Michezo ya kundi hilo ilirushwa na televisheni ya ITV, na Jahazi na Dira ndiyo iliyomtambulisha kwa watazamaji. Vincent Kigosi, yaani Ray, naye alipitia Kaole, na wawili hao baadaye wakawa washirika na washindani katika soko moja la filamu.

Soko lenyewe halikutegemea kumbi za sinema. Filamu ya Bongo, yaani ya Tanzania, ilirekodiwa kwa kamera ya video, ikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, ikatiwa kwenye kasha lenye sura kubwa za waigizaji, kisha ikauzwa madukani na mikononi mwa wachuuzi. Mara nyingi mtayarishaji alimuuzia msambazaji haki zote kwa mkupuo, na faida ya baadaye ikamwendea msambazaji. Lakini utaratibu huohuo ulimfikisha nyota mahali ambapo sinema haifiki. Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu nchini Kenya chenye vichochoro vya mchanga na punda badala ya magari, hakina ukumbi wa sinema. Filamu huko hutazamwa nyumbani, na Kiswahili cha Dar es Salaam hakihitaji mkalimani.

Kanumba alitaka kuvuka mipaka zaidi. Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ilimkutanisha na waigizaji wa Nigeria, akiwemo Mercy Johnson, na katika Devil Kingdom ya mwaka 2011 aliigiza na Ramsey Nouah. Athari ya Nollywood, tasnia ya filamu ya Nigeria, ilionekana katika majumba ya kifahari, suti, nguvu za giza, na majina ya Kiingereza yaliyobandikwa kwenye visa vya Kiswahili. Wahakiki walimlaumu kwa hilo, na si bila sababu. Kazi zake nyepesi zina uhai zaidi: katika Uncle JJ, akiwa na watoto, mikogo inapungua na ucheshi wake unajitokeza bila kulazimishwa.

Oprah ya mwaka 2008, aliyoigiza na Ray na Irene Uwoya, ni miongoni mwa filamu zilizompa jina. Baadaye alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Films. Jina linaonyesha kwamba hakuwa mtu wa kujificha.

Alifia nyumbani kwake Sinza. Tarehe 10 Aprili maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders Club kumuaga, Makamu wa Rais Mohamed Gharib Bilal akiwemo, kisha akazikwa makaburi ya Kinondoni. Mwigizaji Elizabeth Michael, maarufu kama Lulu, aliyeanza kuigiza akiwa mtoto, alishtakiwa kuhusiana na kifo hicho. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka miwili. Mei 2018 alitolewa gerezani kumalizia adhabu kwa kutumikia jamii.