Sura ya Sita: Orodha ya Vyeo

Mtumishi wa serikali ya kikoloni katika Tanganyika, alipopokea mshahara wake mwisho wa mwezi, hakuwa na haja ya kufasiriwa maana ya ubaguzi, kwani ulikuwa umekwisha andikwa katika hesabu yenyewe: Tume ya Holmes, iliyochunguza utumishi wa Afrika Mashariki na kutoa ripoti yake mwaka 1948, iliridhia kwamba asiye Mzungu, hata akiwa na elimu na kazi sawa na ya Mzungu, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa mwenzake. Kanuni hiyo iliondolewa kufuatia ripoti ya Tume ya Lidbury ya mwaka 1954. Lakini waliokwisha ajiriwa, kusomeshwa na kupandishwa daraja chini yake walibaki palepale ilipowaweka, na hii ndiyo kadhia ya sura hii, kwamba dhuluma ikifutwa katika sheria haifutiki siku ileile katika orodha ya vyeo.

Maadamu hali ni hiyo, kila atakaye insafu mahali pa kazi hukutana na njia mbili ambazo aghalabu hazipatani: kuwatendea watu wote sawasawa tangu leo, au kuwatanguliza kwanza wale waliocheleweshwa jana. Tanganyika huru ilianza kwa njia ya pili, Waafrika wakatangulizwa katika kazi za serikali. Kisha mwanzoni mwa Januari 1964 Mwalimu Julius Nyerere akatangaza kwamba upendeleo huo ukome, na raia wa asili yoyote apimwe kwa tabia na uwezo wake. Tarehe 20 ya mwezi huohuo askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, na miongoni mwa madai yao, pamoja na nyongeza ya mshahara, lilikuwamo la kuondolewa maofisa wa Kiingereza waliowaamrisha. Maasi yale yalikuwa na sababu zake ambazo si mahali pake kuzieleza hapa. Ila yatosha kutambua kwamba karani raia wa asili ya Kihindi, aliyelipokea tangazo lile kwa faraja, na askari Mwafrika aliyechoka kungoja nyota begani, kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi, na haki hizo mbili zilikuwa zikivutana.

Sheria za siku hizi zimejaribu kuzipatanisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yakataza ubaguzi wa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mengineyo, na papo hapo yaruhusu hatua za kuwainua walioachwa nyuma, bila kuzihesabu kuwa ni ubaguzi. Kenya nayo, kwa sheria yake ya utangamano wa taifa ya mwaka 2008, imeagiza kwamba taasisi yoyote ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka jamii moja. Agizo linalowaudhi wengi wasemao kwamba ajira itazame ustahili pekee, ilhali wasemaji haohao, nafasi inapotokea ofisini kwao, hupata habari zake kabla haijatangazwa, kwa mjomba au kwa mwanafunzi mwenzao wa zamani, wala hawahesabu kwamba huo nao ni upendeleo.

Hata hivyo idadi ina mipaka yake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, nchini Tanzania, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba wenye ulemavu hawapungui asilimia 3. Kwa hiyo kiwanda cha watu 400 sharti kiwe nao 12. Lakini lau wote 12 wakiwekwa kwenye simu na getini, hesabu itakuwa imetimia ilhali uadilifu haujaanza. Na mhasibu asiyeona, aliyeajiriwa kwa taadhima na picha zikapigwa, atafanya nini ikiwa kompyuta yake haina programu ya kumsomea kilichoandikwa? Vivyo hivyo kiziwi huketi kikaoni bila mkalimani wa lugha ya alama, na mwenye ualbino hupangiwa kazi ya juani mchana kutwa. Mama naye, aliyepewa siku zake 84 za uzazi pamoja na ruhusa ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha, hurudi akakuta majukumu yake yamekwisha gawiwa wengine, akaambiwa kwa upole kwamba wamemhurumia. Na huruma ya namna hii ni ngumu kuishtaki, kwa kuwa haikuvunja kifungu chochote.

Basi wewe msomaji uliyekabidhiwa mamlaka juu ya kazi za watu, usiridhike kwa kuhesabu wangapi wameingia mlangoni. Fungua daftari la vyeo, utazame nani amepanda katika miaka mitano iliyopita, na nani angali pale alipowekwa siku ya kwanza. Kisha uwaite hao wa pili mmoja mmoja, uwaulize kilichowazuia, nawe unyamaze mpaka wamalize kusema.